Kahawa Yetu, Chupa ya Nani?

Kila jioni, baada ya magharibi, mabaraza ya Mji Mkongwe wa Unguja hujaa watu. Muuza kahawa hufika na dele lake la shaba, makaa yakiwaka chini yake, na kabla hajaonekana hujulikana kwa mlio wa vikombe anavyovigonganisha mkononi. Humimina kahawa chungu katika vikombe vidogo visivyo na vishikio, na pembeni huwapo kashata, halua au tende. Habari za nchi huzungumzwa hapo, na si ajabu jambo lililojadiliwa barazani usiku likafika ofisini asubuhi.

Jambo hili tumelizoea mno hata hatulitazami tena. Lakini tukilipima vizuri tutaona kwamba sehemu kubwa ya buni ile haikuota hapa visiwani. Imevuka bahari kutoka Bara, ambako kahawa ya arabika hulimwa Kilimanjaro, Mbozi na Mbinga, na robusta hulimwa Kagera. Kilicho chetu ni ile namna ya kuichoma, kuitwanga, kuichemsha na kuitia tangawizi au iliki. Visiwa havina sifa ya kulima kahawa, ila vina sifa ya kujua la kuifanya. Ujuzi huo ndio tunaotaka kuuzungumza leo, kwa kuwa duniani kuna watu walioutia katika chupa wakatajirika, na wengine walioutia katika chupa kisha chupa ikawatoka mikononi.

Chupa tunayoikusudia ni ile ya kahawa tamu iliyokolezwa: kahawa, sukari na viungo, ambayo nchi nyingi huichanganya na pombe kali na kuinywa kwa finjani ndogo baada ya chakula. Tunajua kwamba wakaazi wengi wa visiwa hivi hawatumii vileo, na hatuandiki kuwashawishi. Tunajua vilevile kwamba wapo wasiokuwa na mwiko huo, na kwamba mahoteli yetu huwapokea wageni ambao chupa hizo ni sehemu ya chakula chao. Mwenye kusoma makala haya na achukue linalomfaa. Tutaonyesha kwamba kazi yenyewe yaweza kufanywa bila ya tone la pombe, na kwamba penye pombe pana mpaka mmoja usiovukwa.

Tuanze na jina. Katika Kiarabu cha kale, neno qahwa lilikuwa mojawapo ya majina ya mvinyo. Lilihamia kwenye kinywaji cha buni huko Yemen katika karne ya 15, pale masufi walipoanza kukinywa ili wasisinzie katika ibada za usiku. Kinywaji kilichobeba jina la ulevi kikawa kinywaji cha kukesha. Hata hivyo shaka haikukosekana. Mwaka 1511 Khair Beg, aliyekuwa na mamlaka mjini Makka, aliwakusanya wanazuoni na matabibu, kahawa ikapigwa marufuku na buni zikachomwa moto hadharani. Habari zilipofika Cairo, kwa sultani aliyekuwa juu yake, marufuku yale yalilegezwa, na watu wakaendelea kunywa. Kiongozi yule alikuwa na hofu ya mikusanyiko ya watu, akaitupia lawama kahawa. Mafunzo ya kisa hiki hayajachakaa: kabla ya kukataza, ni wajibu wa mwenye mamlaka kujua kinachodhuru ni kipi hasa.

Sasa tuzitazame hizo chupa. Mwaka 1936, katika jimbo la Veracruz nchini Mexico, kulianzishwa kileo kitamu kiitwacho Kahlúa, kinachotengenezwa kwa kahawa ya arabika, ramu ya miwa, sukari na vanila. Vitu vyote hivyo huota katika ardhi ya joto kama yetu. Leo mwenye jina hilo ni kampuni ya Ufaransa, lakini kinywaji bado hutengenezwa Mexico, na mkulima wa huko bado anauza buni yake karibu na kiwanda.

Kisa cha pili kinatuhusu zaidi, kwa sababu ni kisa cha kisiwa. Jamaica ina milima ya Blue Mountain, ambayo kahawa yake ni miongoni mwa kahawa ghali kabisa duniani, na Wajamaika wamelilinda jina hilo kwa sheria. Kisiwani humo ndimo kilimozaliwa kileo cha kahawa kiitwacho Tia Maria, kikavuma Ulaya na Marekani. Lakini jina la chupa halikulindwa kama jina la mlima. Likauzwa kutoka kampuni hii hadi ile, na leo Tia Maria hutengenezwa Italia, nchi ambayo haijulikani kwa kulima kahawa hata kidogo. Jamaica imebakiwa na buni na sifa ya zamani. Kazi, ajira na faida ya chupa vimehama.

Kisa cha tatu kimo katika bahari yetu hii ya Hindi. Mwaka 1715 Wafaransa walichukua miche ya kahawa kutoka Yemen wakaipeleka kisiwa cha Bourbon, ambacho leo huitwa Réunion. Kutoka huko mbegu iliyoitwa kwa jina la kisiwa hicho ilienea duniani, na ilifika hata kwetu. Wamisionari wa Kifaransa waliingia Unguja mwaka 1860 wakitokea Réunion, wakafungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, na hadi leo wakulima wa Afrika Mashariki huijua aina ya kahawa iitwayo French Mission kwa ajili ya wamisionari wa namna hiyo. Basi watu wa Réunion wana desturi ya nyumbani: huchukua ramu nyeupe ya miwa yao, wakatia humo buni zilizochomwa, kijiti cha vanila na sukari, wakaifunga chupa na kuiweka kabatini kwa miezi. Huiita rhum arrangé, yaani ramu iliyotengenezwa upya. Mgeni akifika, haulizwi kama atakunywa. Huulizwa ataonja chupa ipi. Kila nyumba ina yake, na mikahawa ya kisiwa hujivunia zake mbele ya watalii. Huko ujuzi haujatoka mlangoni.

Hata jirani zetu wa Kenya wamewahi kuitia kahawa yao katika chupa ya kileo iitwayo Kenya Gold. Na sisi Tanzania si wageni wa kazi ya kahawa: Wahaya wa Kagera, karne nyingi kabla ya kiwanda chochote, walikuwa wakiichemsha buni pamoja na majani yenye harufu nzuri, wakaikausha na kuitafuna, na buni mbili za tunda moja zilitumika katika kuapiana udugu wa damu. Chama cha ushirika cha KNCU kilianzishwa Moshi mwaka 1933, na Bukoba kuna kiwanda cha TANICA kinachotengeneza kahawa ya kuyeyuka. Pamoja na hayo yote, sehemu kubwa ya kahawa yetu huondoka nchini ikiwa buni mbichi katika magunia. Hurudi imekwisha badilika jina, katika vikopo na vipakiti, na kuwekwa juu ya meza za hoteli ambazo kutoka dirishani kwake mgeni aweza kumwona muuza kahawa na dele lake.

Kabla ya kueleza namna ya kutengeneza, hapana budi tuseme neno moja kwa uwazi, kwa sababu katika neno hilo pana uhai wa watu. Kutengeneza kileo kitamu cha kahawa nyumbani si kugema wala kutonesha pombe kwa moto. Ni kulowesha. Mtu huchukua pombe kali iliyokwisha tengenezwa kiwandani, iliyolipiwa kodi na yenye muhuri wake, akatia kahawa ndani yake. Anayepika gongo kwa pipa na bomba anafanya kazi nyingine kabisa, kazi ambayo Tanzania Bara iliiwekea sheria tangu mwaka 1966, na ambayo si ya jikoni.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote ni methanoli. Haina rangi, na harufu na ladha yake haviwezi kumjulisha mnywaji kwamba si pombe ya kawaida. Ikiingia mwilini hugeuka kuwa asidi inayoshambulia mshipa wa jicho, kisha pumzi. Mara nyingi msiba hutokea pale mfanyabiashara asiye na huruma anapoichanganya methanoli ya viwandani katika pombe ya vichochoroni ili aiongezee nguvu na kupunguza gharama. Mwaka 2000 zaidi ya watu 100 walifariki Nairobi kwa pombe ya namna hiyo, na wengine wakapofuka. Kwa hivyo mwenye kutaka kulowesha kahawa asinunue pombe kutoka kwenye dumu, hata kama muuzaji ni rafiki yake. Kahawa na sukari huficha kila dosari, na hapo ndipo ulipo ubaya wake. Mtu akinywa kisha akaona ukungu machoni au akaumwa na kichwa na tumbo pasipo kiasi, na apelekwe hospitali mara moja, bila ya kungoja asubuhi.

Sasa tuingie jikoni. Kazi huanzia kwenye buni. Tafuta buni iliyochomwa karibuni, iliyofikia rangi ya kahawia nzito lakini isiyokuwa nyeusi ti na yenye kumwaga mafuta. Iliyoungua huleta uchungu ambao sukari haiushindi. Itwange kwa kinu chengachenga, isiwe unga, kwa kuwa unga hupita katika kitambaa na kuitia chupa tope. Arabika ya milimani huleta harufu na uchachu mwepesi. Robusta ya Kagera huleta uzito na uchungu. Mchanganyiko wa sehemu tatu za arabika kwa moja ya robusta hufaa sana.

Kwanza tutengeneze shira ya kahawa, isiyokuwa na pombe. Chukua gramu 100 za kahawa iliyotwangwa, uiloweshe katika nusu lita ya maji baridi yaliyochemshwa kabla, uifunike na kuiweka mahali pa baridi kwa saa 12 hadi 16. Ukiichemsha utaipata upesi zaidi, lakini maji baridi huvuta utamu na kuacha sehemu ya uchungu nyuma. Ichuje kwa kitambaa safi, kisha uichuje mara ya pili. Chukua mililita 300 za maji hayo ya kahawa. Katika sufuria nyingine weka gramu 500 za sukari na mililita 200 za maji, iliki sita zilizopondwa na kijiti kimoja cha mdalasini. Chemsha kwa moto mdogo kwa dakika tano, epua, acha ipoe hadi iwe vuguvugu, kisha umimine kahawa na kukoroga. Karafuu tunaipenda, lakini moja tu yatosha, maana ikizidi huimeza kahawa yote. Tia shira katika chupa iliyochemshwa, iweke katika friji na uitumie ndani ya majuma mawili. Ikitoa povu au harufu ya uchachu, mwaga.

Mwenye shira hii ana vinywaji vingi mkononi. Vijiko vitatu katika bilauri ya barafu, kisha tui la nazi jepesi lililopozwa, ni kinywaji cha mchana wa joto ambacho mgeni hatakipata kwao. Vijiko viwili katika soda ya tangawizi, pamoja na kipande cha ndimu, huamsha mwili. Katika maziwa ya moto, kungumanga ikikwaruzwa juu yake kidogo, huwa kinywaji cha usiku wa masika. Wakati wa futari, shira hiyo ikimiminwa juu ya tende na malai huwa kitamutamu kisichohitaji maelezo.

Kwa wale wasiokuwa na mwiko, njia ya pili ni hii. Chukua nusu lita ya ramu au vodka yenye nguvu ya asilimia 40, tia gramu 60 za buni zilizochomwa na kupondwa kidogo, na nusu kijiti cha vanila kilichopasuliwa. Funga katika chupa ya kioo, iweke gizani, uitikise kila siku. Buni zilizopondwa zisikae zaidi ya siku tatu, maana baada ya hapo huanza kutoa uchungu. Buni nzima, kama wafanyavyo watu wa Réunion, huweza kukaa kwa majuma na miezi. Chuja mara mbili. Chemsha gramu 300 za sukari katika mililita 200 za maji, ipoe kabisa, ndipo uchanganye. Usiweke pombe juu ya moto, kwani mvuke wake huwaka. Nguvu ya kinywaji itashuka hadi kiasi cha asilimia 20. Kiache kitulie majuma mawili au zaidi. Atakayekuwa na haraka atakunywa sukari na pombe, na atakayesubiri atakunywa kahawa.

Kokteli za kahawa zilizopata sifa duniani nyingi zina asili ya hali ndogo ya ukarimu. Mwaka 1943 abiria wa ndege za majini walirudi bandari ya Foynes nchini Ireland usiku wa baridi na dhoruba. Mpishi Joe Sheridan akawapa kahawa ya moto yenye sukari na wiski, malai yakielea juu. Leo kahawa hiyo ya Ireland huuzwa kila bara. Mwaka 1949, katika hoteli ya Metropole mjini Brussels, Gustave Tops alichanganya vodka na kileo cha kahawa kwa ajili ya mgeni mmoja, balozi wa Marekani, na kinywaji kikaitwa Black Russian. Ireland haina shamba la kahawa, wala Ubelgiji. Kilichokuwapo ni mtu aliyesimama nyuma ya meza akafikiri mgeni wake anahitaji nini.

Tuongeze tahadhari moja. Kahawa haiondoi ulevi. Humfanya mlevi awe macho, akadhani ana akili timamu, na hapo huwa hatari zaidi kwake na kwa wenzake, hasa akishika usukani. Chupa ya kileo cha kahawa ni tamu, na watoto hupenda kitamu. Mahali pake ni kabati lenye kufuli.

Ndugu zetu viongozi, yako mambo ambayo mwananchi hawezi kuyafanya peke yake. La kwanza ni kuitofautisha kazi ya kulowesha na kazi ya kutonesha pombe, ili mkaguzi asimchanganye mama mwenye chupa ya shira na mwenye mtambo wa gongo, na ili ukali wote wa sheria uelekezwe kwa wachanganyaji wa sumu. Anayetaka kuuza kileo na atafute leseni kama wengine. Hilo halina mjadala. La pili ni kuwawekea akina mama na vijana wanaotengeneza shira kanuni fupi na zilizo wazi: usafi wa chupa, kiasi cha sukari, tarehe ya kutengenezwa na namna ya kuhifadhi. Kanuni ikiwa ya kurasa nyingi na safari nyingi za ofisini, atakayeiweza ni tajiri tu. La tatu ni mahoteli. Visiwa vinavyoishi kwa utalii haviwezi kuridhika kumpa mgeni kipakiti kilichotoka mbali huku iliki, mdalasini, karafuu na vanila zikiota nyuma ya jengo. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini mwenyeji huponaje ikiwa hata kikombe anachompa mgeni hakukitengeneza yeye?

La nne, na la mwisho, ni jina. Siku chupa ya kwanza ya shira ya kahawa ya visiwani itakapopata wanunuzi, jina lake liandikishwe na lilindwe kabla halijavuma, na mkataba wowote wa kuliuza usomwe mara mbili na watu wenye kujua kusoma mikataba. Jamaica ilikuwa na mlima, buni, ramu na ujuzi, na bado chupa yake leo inajazwa Italia.

Sisi hatuna mlima. Tuna kinu, dele, viungo, na mkono uliozoea kupika kahawa kwa vizazi vingi. Jioni ya leo, unapopokea kikombe chako barazani, kitazame kabla hujakinywa. Ujuzi uliomo humo ni mali ya watu wa visiwa hivi, na haujaandikwa jina la mtu yeyote bado.